Kazi ya mtaalamu wa usemi na lugha shuleni: jibu kwa msaidizi wa mwalimu anayetaka kuisomea

Swali: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Ohio, Marekani, na ninafanya kazi ya msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi ya umma. Shuleni kwetu wapo watoto wengi wa familia zilizotoka Kongo, na mtaalamu wa usemi huniita mara kwa mara nimsaidie kutafsiri. Nina shahada ya ualimu niliyoipata nyumbani, na sasa nafikiria kusomea kazi yake. Je, kazi yenyewe ni hiyo ninayoiona ya kuwafundisha watoto kutamka herufi kwa kadi za picha, au kuna zaidi? Na Kiswahili changu kitakuwa faida, au kitanifanya niwe mkalimani wa kudumu tu?

Jibu: Dada, nashukuru kwa swali lako, na hasa kwa hofu uliyoiweka mwishoni, kwa kuwa imegusa kiini cha jambo. Hicho unachokiona, yaani watoto watatu waliozunguka meza ndogo huku mtaalamu ameshika kadi, ni kazi halali, lakini ni sehemu ndogo ya siku yake. Sehemu nzito zaidi hufanyika kabla mtoto hajaketi kwenye meza hiyo, pale watu wazima kadhaa wanapolazimika kuamua kama mtoto ana kasoro ya lugha inayohitaji huduma, au anajifunza tu Kiingereza kama ambavyo mtoto yeyote angejifunza lugha ya pili. Kwa watoto unaowatafsiria, uamuzi huo mara nyingi hufanywa na watu wasiojua hata salamu ya lugha ya mtoto. Hapo ndipo Kiswahili chako kinapokuwa na thamani kubwa, na hapo pia ndipo kinapoweza kumdhuru mtoto kama anayekitumia hana mafunzo.

Nianze na sheria, kwa sababu ndiyo inayoitofautisha kazi ya shuleni na ile ya hospitalini. Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya elimu kwa watoto wenye ulemavu, ambayo mwaka 1990 ilibadilishwa jina ikaitwa IDEA, kisha ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2004. Sheria hiyo inawapa watoto wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka 3 hadi 21, haki ya kupata elimu inayowafaa bila malipo, na kasoro ya usemi au lugha ni mojawapo ya aina 13 za ulemavu zinazotajwa ndani yake. Lakini haitoshi mtoto awe na kasoro; ni lazima ionekane kwamba kasoro hiyo inaathiri elimu yake. Ndiyo maana mtoto mwenye kithembe chepesi, ambaye anasoma vizuri, ananyoosha mkono darasani na hachekwi na wenzake, anaweza kukosa huduma shuleni ingawa kliniki binafsi ingempokea siku hiyo hiyo. Wazazi wengi hulichukia jambo hili, wakidhani shule inabana fedha. Wakati mwingine wanachodhani ni kweli, nami sitakuficha. Lakini msingi wake ni kwamba shule haiulizi tu kama mtoto anatamka sawasawa, inauliza kama anaweza kujifunza na kushiriki.

Mzazi akishatia saini hati ya idhini, shule ina siku 60 za kukamilisha tathmini, isipokuwa pale ambapo jimbo limeweka muda wake lenyewe. Mtoto akionekana anastahili, huandikwa mpango wa elimu wa mtu binafsi, ule unaoujua kwa herufi zake IEP, ambao hupitiwa kila mwaka, na kila baada ya miaka 3 hufikiriwa upya kama bado anauhitaji. Mtaalamu wa usemi ni mjumbe wa kikao hicho, na mara nyingi ndiye anayekiendesha. Kwa hiyo lazima awe mtu anayeweza kukaa mezani na mwalimu mkuu, mwanasaikolojia wa shule na mzazi aliyeomba ruhusa kazini, akaeleza kwa maneno yanayoeleweka kwa nini anapendekeza anachokipendekeza.

Watoto wenyewe ni wa aina nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Wapo wanaobadilisha sauti, wenye kigugumizi, wenye sauti ya kukwaruza, na wenye king'ong'o kilichobaki baada ya kushonwa kaakaa lililopasuka. Wapo wenye usonji au mtindio wa ubongo ambao hawasemi kabisa, na hao hufundishwa kuwasiliana kwa ubao wa picha au kwa kompyuta ndogo inayotamka maneno wanayoyagusa. Wengine macho yao ndiyo huchagua picha kwenye kioo. Lakini kundi ambalo naamini ndilo linalopuuzwa zaidi ni la watoto wenye tatizo la ukuaji wa lugha lisilo na sababu inayoonekana. Mtoto anasikia, ana akili, anacheza vizuri na wenzake, ila lugha inamshinda: sentensi zake ni fupi, maneno hayamjii, na maelekezo marefu humpotea njiani. Tafiti za Marekani zilikadiria kwamba hali hiyo huwapata watoto wapatao 7 katika kila 100, maana yake ni kwamba darasa la watoto 30 lina wawili hivi. Kwa kuwa hawapigi kelele wala hawakosei matamshi, huitwa wavivu, au husemwa hawasikilizi.

Sasa nije kwenye uamuzi niliouita mzito. Mtoto nitakayemweleza nimemuunda kutokana na watoto wengi, ili asitambulike yeyote. Ni mvulana wa miaka 7 aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwa wazazi waliotoka upande wa Uvira, na ameishi Marekani mwaka mmoja na nusu. Mwalimu wake wa darasa la pili anaandika kwamba mtoto haongei, hajibu maswali, hafuati maelekezo, na anaacha miisho ya maneno ya Kiingereza. Fomu ya lugha ya nyumbani inasema «Swahili». Anapewa jaribio sanifu la Kiingereza, anapata alama za chini sana, na mtu mwenye haraka angeweza kuandika ripoti jioni hiyo hiyo.

Ripoti hiyo isingekuwa na msingi, na wala isingekuwa halali. Sheria inataka mtoto apimwe kwa lugha yake ya asili au kwa njia nyingine anayowasiliana nayo, isipokuwa pale ambapo ni dhahiri kwamba haiwezekani, na inakataza mtoto asihesabiwe mlemavu iwapo sababu kuu ya matokeo yake ni uchache wa Kiingereza chake. Katazo hilo lina historia. Mwaka 1970 huko California ilimalizika kwa makubaliano kesi iitwayo kwa jina la Diana, ya watoto wenye asili ya Meksiko waliowekwa katika madarasa ya watoto wenye akili pungufu baada ya kupimwa kwa Kiingereza. Walipopimwa tena kwa Kihispania, wengi wao walionekana hawakustahili kuwekwa huko hata kidogo. Watoto wetu wa leo wako pale pale walipokuwa wale, tofauti ni kwamba Kihispania kina majaribio yake na wataalamu wake wengi, ilhali Kiswahili hakina jaribio sanifu la watoto wa umri wa shule linaloweza kuagizwa na kutumiwa Marekani. Huko Kilifi, Kenya, watafiti walitengeneza orodha za maneno za kujazwa na wazazi kwa Kiswahili na Kigiriama, lakini hizo ni za watoto wadogo sana, chini ya miaka 3. Nayo njia ya mkato, yaani kulitafsiri jaribio la Kiingereza kisha kutumia alama zake, haifai, kwa sababu neno lililo rahisi katika lugha moja huwa gumu katika nyingine, na alama za wastani zilipatikana kwa watoto wa Kimarekani ambao wamemwona mtu wa theluji na kisanduku cha barua tangu walipozaliwa.

Basi mtaalamu hufanya nini? Anaanza na mzazi. Maswali yenyewe si ya ajabu: mtoto alianza kusema maneno lini, alianza kuyaunganisha lini, na je, ukimlinganisha na kaka na dada zake, alichelewa? Yupo mtu katika ukoo aliyechelewa kusema au aliyeshindwa kusoma? Swali la kulinganisha na ndugu ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa mama aliyelea watoto watano anajua kitu ambacho hakuna jaribio linaloweza kukipima. Kisha huuliza habari za matumizi ya nyumbani. Kwetu mtoto hutumwa. Ukimwambia, «Nenda chumbani, uniletee kanga yangu na ile kopo iliyo chini ya kitanda, halafu umwambie dada yako aje,» anarudi na nini? Mtoto wa miaka 7 anayerudi kila mara na kitu kimoja, au anayerudi kuuliza alichotumwa, wakati mdogo wake wa miaka 5 hutumwa hivyo hivyo akatimiza, ametuambia jambo kubwa. Mtoto anayetumwa mpaka dukani akaleta vitu vyote na chenji, huyo shida yake darasani ni Kiingereza.

Kimya chake nacho kisomwe kwa uangalifu. Watoto wengi wanaoanza lugha mpya hunyamaza kwa miezi, wakisikiliza. Isitoshe, jaribio la kawaida huwa ni mtu mzima anayeonyesha picha ya ng'ombe na kuuliza, «Hii ni nini?» ilhali yeye mwenyewe anaiona. Katika nyumba nyingi za kwetu mtu mzima hamuulizi mtoto jambo analolijua tayari, na mtoto akiulizwa hivyo hushuku mtego, akaangalia chini kwa adabu. Mpimaji asiyejua huandika kwamba mtoto hamtazami mtu usoni na hajui jina la ng'ombe.

Kuhusu matamshi, hapa ndipo msemaji wa Kiswahili anapoweza kuokoa muda mwingi. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto kuongeza irabu mwishoni mwa neno la Kiingereza, au kuitia katikati ya konsonanti mbili, ni sheria ya lugha yake ya kwanza inayofanya kazi yake. Kiswahili kina irabu 5 tu, basi kushindwa kutofautisha irabu fupi na ndefu za Kiingereza si kasoro. Sauti ya «th» ipo katika Kiswahili sanifu, katika «thamani» na «dhahabu», na mtu anaweza kudhani kwamba kila Mswahili ataitamka kwa Kiingereza bila taabu. Lakini wasemaji wengi wa bara husema «samani» na «zahabu», na mtoto wa Uvira atafanya vivyo hivyo kwa Kiingereza. Kubadilishana kwa «r» na «l» ni jambo la kawaida katika maeneo mengi. Ukimwondolea mvulana wetu makosa yote yanayoelezeka namna hii, huenda yakabaki mawili au matatu tu, na hayo ndiyo ya kuchunguzwa. Kama kwa mfano anasema «tuku» kwa «kuku» na «dari» kwa «gari», huku ndugu zake wote wanatamka vizuri, hapo kuna jambo, na jambo hilo litaonekana katika Kiingereza chake pia.

Sarufi ina mtego mwingine, na mtego huo unatuhusu mimi na wewe zaidi kuliko Wamarekani. Wewe umesoma ualimu Tanzania. Masikio yako yamefundishwa upatanisho wa ngeli. Mtoto akisema «kitabu yangu», «batoto», au «mutoto iko nakula», mkono wako utataka kalamu nyekundu. Lakini hicho ndicho Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, na wazazi wake, shangazi zake na mchungaji wake wanasema hivyo hivyo. Kumpima mtoto huyo kwa kipimo cha Kiswahili cha Unguja ni kosa lile lile la kumpima kwa Kiingereza, isipokuwa hili hufanywa na mtu wa kwao na huaminiwa haraka. Kipimo chake sahihi ni usemi wa watu wake mwenyewe: kama ndugu zake wanasema «batoto banakimbia» naye anasema «batoto kimbia» akiwa na miaka 7, ameacha viambishi ambavyo lahaja yake inavihitaji. Ndipo tunapoanza kushuku.

Zaidi ya hayo, neno «Swahili» kwenye fomu laweza kuwa na mambo mengi nyuma yake. Wazazi wake huenda wanazungumza Kifuliru au Kibembe wao kwa wao, Kiswahili ni lugha ya kambi na ya kanisa, na bibi anayemlea mtoto mchana hajui Kiswahili vizuri. Uliza nani anazungumza nini na nani, saa ngapi za siku. Usiponuia kuuliza hivyo utatumia asubuhi nzima kumpima mtoto kwa lugha yake ya pili ukidhani ni ya kwanza.

Njia ninayoitegemea sana ni hadithi. Mwombe mtoto akusimulie, au msimulie wewe ya sungura na fisi kisha aisimulie tena. «Paukwa» inaweza isimwambie chochote, kwa hiyo usiishangae kimya yake. Muulize kwao huanzaje. Halafu sikiliza: anamtaja nani yupo, wapi, kulitokea nini, kwa nini, na iliishaje? Mtoto mwenye lugha nzima husimulia kwa mpangilio hata akichanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, na kuchanganya huko si dalili ya ugonjwa. Mwenye kasoro hubaki na «ile kitu», «akafanya hivi», «halafu, halafu», na msikilizaji asiyeijua hadithi hawezi kuifuata. Baada ya hapo mtaalamu hufundisha kidogo, pengine namna ya kueleza sababu kwa «kwa sababu» au «ndiyo maana», kisha hupima tena siku nyingine. Mtoto ambaye hakuwahi tu kufundishwa hushika upesi. Mwenye kasoro huhitaji kurudiwa mara nyingi, kwa msaada mkubwa, na hata hivyo hupoteza.

Kanuni inayoshikilia yote haya ni kwamba kasoro ya lugha haichagui lugha. Kama ipo, ipo katika Kiswahili na katika Kiingereza. Ugumu uko kwa watoto waliofika wakiwa wadogo, ambao Kiswahili chao kimeanza kufifia kabla Kiingereza hakijakomaa, kwa hiyo lugha zote mbili huonekana dhaifu kwa muda. Tena Kiingereza cha uwanjani huweza kupatikana ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu, lakini kile cha vitabu na mitihani huchukua miaka 5 hadi 7, au zaidi, hasa kwa mtoto aliyekosa shule kambini. Mwalimu anayemsikia mtoto akipiga soga na wenzake hudhani kwamba amekwisha kujua, na anaposhindwa kusoma aya ya sayansi hupelekwa kwetu. Katika hali kama hiyo sioni aibu kuandika katika ripoti kwamba ushahidi hautoshi, kwamba asaidiwe kwanza na mwalimu wa Kiingereza, na kwamba tutamwangalia tena baada ya miezi kadhaa. Ila mwenzako anayeogopa lawama hujificha nyuma ya tofauti ya lugha miaka mitatu mfululizo, na mtoto mwenye kasoro ya kweli huachwa. Kosa hilo la pili hulisikia mara chache kwenye semina, nami nadhani limeanza kuwa la kawaida kuliko la kwanza.

Utasikia pia ushauri mmoja ambao nakuomba usiutafsiri bila kuuhoji: kwamba wazazi waache Kiswahili nyumbani ili mtoto ashike Kiingereza. Lugha mbili hazisababishi kasoro ya lugha, wala kuondoa moja hakuiponyi. Mama mwenye Kiingereza kidogo akiambiwa amzungumzie mwanawe kwa Kiingereza tu, mazungumzo ya nyumbani hupungua mpaka yakawa amri: njoo, kula, lala. Na kwa upande wetu, wapo wazazi watakaokueleza kwamba mtoto alikatwa kimeo, au kwamba wanataka akatwe ili aseme. Wajibu kwa heshima, lakini wajibu wazi: kimeo hakihusiki na kuchelewa kusema, na kukikata kuna hatari ya kutoka damu nyingi na kupata maambukizi.

Kuhusu siku ya kazi yenyewe nitasema kwa ufupi zaidi. Idadi ya watoto kwa mtaalamu mmoja mara nyingi huwa 50 hivi, na kuna wilaya ambazo huzidi hapo sana. Si ajabu ukagawanywa shule mbili, na chumba chako kikawa kile kilichokuwa stoo ya vitabu. Wengi huwachukua watoto kwa makundi ya watatu au wanne, nusu saa, mara mbili kwa wiki. Mimi huona kwamba mazoea hayo ya kuwatoa darasani yamezidi. Mtoto wa tatizo la lugha hufaidika zaidi unapoingia darasani ukafanya kazi pamoja na mwalimu juu ya maneno ya somo la wiki hiyo, ingawa hilo huhitaji mwalimu anayekubali. Mwenye kigugumizi au anayebadilisha sauti, huyo anahitaji faragha yake. Makaratasi ni mengi: kumbukumbu za kila kikao, kwa kuwa shule nyingi hudai sehemu ya gharama kutoka Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini), ripoti za maendeleo, tathmini, mipango ya mwaka, na barua za kuitisha vikao. Watu wengi wanaoiacha kazi hii hawaikimbii kwa sababu ya watoto. Wanakimbia makaratasi na idadi. Usimwulize mtaalamu wa shuleni kwako kama anaipenda kazi. Mwulize ana watoto wangapi na huandika ripoti zake saa ngapi.

Njia ya kuifikia ni ndefu kiasi. Unahitaji shahada ya uzamili katika fani hii, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili. Kwa kuwa shahada yako ya kwanza ni ya ualimu, ipeleke kwanza itathminiwe na taasisi inayotambuliwa ya kulinganisha vyeti vya nje, kisha utasoma masomo ya msingi usiyokuwa nayo: fonetiki, anatomia ya viungo vya usemi na usikivu, ukuaji wa lugha ya mtoto, na misingi ya audiolojia, yaani taaluma ya kupima usikivu. Vyuo kadhaa hutoa masomo hayo kwa mtandao, kwa hiyo unaweza kuyaanza bila kuacha kazi. Ndani ya uzamili utatakiwa kufikisha saa 400 za mafunzo ya vitendo, 25 kati yake za kutazama na 375 za kuhudumia. Mtihani wa taifa wa Praxis una alama ya kufaulu ya 162. Baada ya kuhitimu hufuata kipindi cha kufanya kazi chini ya uangalizi, kisichopungua wiki 36 na saa 1,260, ndipo chama cha wataalamu hawa, ASHA, kilichoanzishwa mwaka 1925, kinapokupa cheti chake. Leseni ya jimbo na kibali cha idara ya elimu ni mambo mawili mengine, na hutofautiana jimbo hadi jimbo. Kama siku moja utataka kurudi nyumbani, jua kwamba Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya kwanza ya tiba hii mwaka 2008, na wahitimu wake ni miongoni mwa watu utakaofanya nao kazi.

Mapato yanaridhisha. Takwimu za Idara ya Kazi za Mei 2023 ziliweka mapato ya kati ya taaluma nzima kuwa dola 89,290 kwa mwaka. Wa shuleni hupata chini ya wa nyumba za kulea wazee, ila wao hufuata kalenda ya shule na wana likizo ya kiangazi. Shule ya umma pia huhesabiwa katika mpango wa serikali kuu wa mwaka 2007 unaofuta salio la mkopo wa masomo baada ya malipo 120 yanayokubalika, na hilo, kwa mtu atakayekopa ili asome uzamili, si jambo dogo.

Nimalizie na ukalimani. Unapotafsiri sasa, usikubali kuingia kikaoni bila kuzungumza na mtaalamu dakika chache kabla: anataka kujua nini, na maneno gani usiyatoe kama kidokezo. Wakati wa kupima, usimrekebishie mtoto sentensi. Akisema, «Batoto kimbia mpira,» nawe ukasema kwa Kiingereza safi kwamba watoto wanakimbilia mpira, umefuta kosa ambalo ndilo lililotafutwa. Mweleze mtaalamu alichosema mtoto neno kwa neno, na kipi kimekosekana ukilinganisha na watu wa kwao. Baada ya kikao mketi tena, umwambie kilichokushangaza. Mambo utakayoyaona ni siri ya mtoto na familia yake, hata kama mama yake mnasali pamoja.

Ukishakuwa mtaalamu, wilaya itakupigia simu kwa kila jambo lenye Kiswahili, kuanzia tathmini ya mtoto wa shule ya mbali hadi barua ya ratiba ya chakula. Hofu yako ni ya haki. Kinga yake huwekwa wakati wa kusaini mkataba: iandikwe kwamba tathmini za watoto wanaozungumza Kiswahili katika wilaya ni sehemu ya kazi yako, kwamba idadi ya watoto wako wa kawaida itapunguzwa kwa sababu hiyo, kwamba kuna posho ya lugha kama ile wanayolipwa wenzako wa Kihispania, na kwamba tafsiri za barua na simu za ofisi ni kazi ya mkalimani aliyeajiriwa. Usitegemee ahadi ya mdomo, maana mwalimu mkuu aliyeitoa huhamishwa. Kwa sasa, mwombe mtaalamu wa shuleni kwako akuruhusu kutazama kikao kimoja cha tathmini ambacho hutafsiri wewe, kisha umwulize alifikiaje uamuzi wake. Vyuo vingi hufunga maombi ya uzamili kati ya Desemba na Februari, kwa hiyo tathmini ya vyeti vyako ianze mapema, na uliza ofisi ya rasilimali watu ya wilaya kama inawalipia ada wasaidizi wa walimu wanaosomea fani zenye upungufu. Katika wilaya nyingi hii ni mojawapo.